Damu Imepimwa, Bakteria Hawakupimwa

Bado tunasema "chupa ya damu". Daktari anaandika mgonjwa aongezewe chupa mbili, ndugu wanaitwa wachangie kufidia zilizotumika, na hakuna anayeshangaa kwamba chupa yenyewe haipo. Kinachoning'inia kwenye stendi ni mfuko wa plastiki. Chupa ya kioo ilikuwa na shida yake: ili damu ishuke, ilibidi hewa iingie juu yake, na hewa haiingii peke yake. Karibu na mwaka 1950 Carl Walter, daktari mpasuaji wa Boston, akishirikiana na William Murphy, alitengeneza mfuko laini unaonywea kadiri damu inavyotoka. Hauhitaji hewa. Tena mifuko mitatu au minne inaweza kuunganishwa kwa mirija tangu kiwandani, damu ikakusanywa, ikazungushwa kwenye mashine na kutenganishwa, bila mtu kufungua chochote.

Mfuko huo uliwapunguza sana bakteria wanaoingia kwenye damu. Haukuwamaliza. Na hapa pana jambo ambalo naona wengi wetu hatujalielewa sawasawa, wakiwemo baadhi ya wanaofanya kazi wodini: lebo inayosema damu imepimwa haisemi lolote kuhusu bakteria hawa.

Tanzania na Kenya, damu inayochangiwa hupimwa VVU, homa ya ini aina ya B, homa ya ini aina ya C na kaswende. Ikipita hapo, inaitwa damu salama. Ni kweli kwamba kaswende huletwa na bakteria, lakini kipimo chake hutafuta alama ambazo ugonjwa huo huacha ndani ya mwili wa mchangiaji. Hakimwoni bakteria wa ngozi, wala wa tumbo, wala wa maji ya bomba.

Kwa nini basi tusiongeze kipimo cha tano, yakaisha? Kwa sababu kirusi na bakteria hawaishi maisha yanayofanana. Kirusi kinahitaji seli hai ya kuivamia ndipo kizaliane; ndani ya mfuko uliohifadhiwa kiasi kilichoingia siku ya kwanza hakiongezeki. Ukipima siku ile umepata jibu. Bakteria anajitosheleza. Anachotaka ni chakula, na damu ni chakula: ina protini, ina madini ya chuma, ina sukari. Sehemu ya sukari hiyo tumeiweka sisi wenyewe, kwani dawa ya kuzuia damu isigande, inayokuwa ndani ya mfuko kabla mchangiaji hajaketi kitini, ina glukosi ya kuzilisha chembe nyekundu zidumu hadi siku 35.

Tuchukue bakteria 10 tu walioingia mfukoni. Wakipata joto linalowafaa na wakaongezeka maradufu kila saa, baada ya saa 10 ni zaidi ya 10,000. Baada ya saa 20 ni zaidi ya milioni 10. Maabara haiendi sawasawa hivyo, maana bakteria wengi hukaa kwanza kimya kabla ya kuanza kuzaliana, lakini hesabu inaonyesha kwamba mfuko uliokuwa na vijidudu wachache wasioweza kumdhuru mtu unaweza kuwa sumu kesho yake, na kipimo cha jana kisiwe na la kusema.

Wanaingilia wapi

Mlango mkubwa ni ngozi ya mkono. Tunapaka dawa pale sindano itakapochoma, na dawa inaua walio juu. Chini, kwenye vitundu vya vinyweleo na tezi za jasho, wanabaki wengine ambao hakuna dawa inayowafikia. Sindano ya kuchangia damu ni nene. Ikipita ngozini inaweza kukata kipande kidogo sana cha ngozi na kukisukuma mbele yake, kikaingia kwenye mrija pamoja na damu ya mwanzo. Ndiyo maana bakteria wanaokutwa mara nyingi ni wale wa ngozi ya kila mmoja wetu, kama Staphylococcus epidermidis.

Mlango wa pili ni damu ya mchangiaji mwenyewe. Mtu anaweza kuonekana mzima kabisa huku bakteria wachache wakizunguka kwenye damu yake. Aling'oa jino jana. Ana kidonda ambacho amekizoea. Aliharisha wiki mbili zilizopita, akapona, hata hakumbuki kulitaja. Huyu wa mwisho ndiye aliyewasumbua sana wataalamu, na nitamrudia.

Mlango wa tatu ni vifaa. Mwaka 1991 wagonjwa wa Denmark na Sweden waliambukizwa bakteria aitwaye Serratia marcescens kupitia damu waliyoongezewa, na uchunguzi ukarudi nyuma hatua kwa hatua, kutoka wodini hadi benki ya damu, kutoka benki ya damu hadi kwenye mifuko yenyewe. Wachangiaji hawakuwa na kosa, wala wauguzi. Kisa hicho kinafaa kukumbukwa kila mara tunapotaka kumlaumu aliye karibu.

Kisha kuna mikono yetu baada ya hapo: kupunguza damu kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, kuyeyusha plazma iliyoganda ndani ya beseni la maji ya vuguvugu ambalo halijasafishwa, kuacha mfuko mezani kwa sababu mgonjwa bado hajapata mshipa. Bakteria wa jamii ya Pseudomonas wanapenda maji, na mabeseni ya kuyeyushia plazma yamewahi kuwa chanzo cha maambukizi. Dawa yake ni rahisi: mfuko wa plazma uvishwe mfuko mwingine kabla ya kuzamishwa, na beseni limwagwe, lisuguliwe na kukaushwa kwa ratiba.

Joto la chumba na baridi la jokofu

Damu moja iliyochangiwa inaweza kuzaa bidhaa tatu: chembe nyekundu, plazma, na chembe sahani, zile ndogo zinazosaidia damu kuganda. Kila moja ina makazi yake. Plazma hugandishwa kama barafu, na humo bakteria hana nafasi ya kuzaliana. Chembe nyekundu hukaa kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 6 za Selsiasi. Chembe sahani hukaa kwenye nyuzi 20 hadi 24, zikitikiswa polepole mchana na usiku, ndani ya mfuko unaopitisha oksijeni. Ukitaka kumfugia bakteria, hutapata mahali pazuri kuliko hapo.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Chembe sahani nazo zilikuwa zikiwekwa kwenye baridi, mpaka mwaka 1969 Scott Murphy na Frank Gardner wa Marekani walipoonyesha kwamba zilizopoa huondolewa haraka kwenye mwili wa mgonjwa, na zile za joto la chumba hudumu zaidi. Zikahamishwa. Mgonjwa wa saratani ya damu akafaidika, na bakteria pia. Mwaka 1984 Marekani iliruhusu zihifadhiwe siku 7. Mwaka 1986 ikarudi kwenye siku 5, kwa kuwa kadiri siku zilivyozidi ndivyo maambukizi yalivyozidi. Kabla ya hatua mpya za kinga, makadirio ya nchi zilizopima yalikuwa mfuko mmoja wenye bakteria kati ya kila mifuko 1,000 hadi 3,000 ya chembe sahani. Ukilinganisha na hatari ya kupata VVU kutoka kwenye damu iliyopimwa vizuri katika nchi hizo, bakteria walikuwa hatari kubwa zaidi kwa mbali, na ndio waliozungumzwa kidogo zaidi.

Jokofu je? Baridi inawazuia wengi, hasa wale wa ngozi. Haiwaui wote. Namrudia yule aliyeharisha akasahau. Yersinia enterocolitica ni bakteria wa tumbo anayeweza kuleta ugonjwa mwepesi tu, lakini ana sifa mbili mbaya: anazaliana hata kwenye nyuzi 4, na anapenda madini ya chuma. Mfuko wa chembe nyekundu unampa yote mawili. Anaanza polepole, kisha baada ya wiki tatu hivi, chembe zilizozeeka zinapovuja chuma, anapata nguvu. Serratia na baadhi ya Pseudomonas nao wanaistahimili baridi hiyo.

Hawa wana jambo jingine. Ukuta wa mwili wao una sumu iitwayo endotoksini. Bakteria akifa, sumu inabaki mfukoni. Mgonjwa akiongezewa damu hiyo, presha inaweza kuporomoka ndani ya dakika chache, na dawa za kuua bakteria, hata zikitolewa mara moja, haziwezi kuiondoa sumu iliyokwisha kuingia. Ndiyo maana kinga hapa ina uzito kuliko tiba.

Hali ya kwetu

Wodi nyingi za Afrika Mashariki hazitumii chembe sahani kwa wingi. Tunatumia damu nzima na chembe nyekundu, na wanaozipokea zaidi ni watoto wenye upungufu mkubwa wa damu kwa malaria au selimundu, na akina mama waliotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Mtu anaweza kudhani basi hatari hii ni ya nchi zenye wagonjwa wa saratani. Sivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kutoka hospitali moja ya Kenya uliotesha sampuli za mifuko 434 ya damu waliyoongezewa watoto, yaani uliziweka maabara kwenye mazingira yanayowafaa bakteria, ili kama wapo wazaliane waonekane. Mifuko 38 ilikuwa na bakteria, sawa na asilimia 8.8. Wengi walikuwa bakteria wa aina inayopatikana kwenye mazingira, yaani waliingia wakati damu inachukuliwa, inagawanywa au inahifadhiwa.

Watoto kwa nini? Fikiria mtoto wa kilo 10. Akiandikiwa mililita 20 za damu nzima kwa kila kilo, anahitaji mililita 200, na mfuko una kama 450. Mtaalamu wa maabara anayeona damu ilivyo adimu hataki kutupa iliyobaki. Anafungua, anagawa, anarudisha jokofuni kwa ajili ya mtoto mwingine. Nia yake ni njema kabisa. Lakini ule mfumo uliofungwa tangu kiwandani sasa umefunguka, na kilichoingia kitabaki humo. Ufumbuzi upo na si wa ajabu: mifuko ya watoto inayotoka kiwandani ikiwa imeunganishwa na mfuko mkubwa, au mashine inayounganisha mirija kwa joto bila kuruhusu hewa kuingia. Hospitali isiyo na kimojawapo cha hivi na inayogawa damu kwa mkasi na sindano inabeba hatari isiyoiona.

Kuna kingine kinachoificha hatari hii kwetu, na mimi naona ndicho kizito kuliko vyote. Dalili ya kwanza ya damu yenye bakteria ni homa na kutetemeka. Mtoto wetu tayari ana homa. Ana malaria, na malaria hutetemesha. Akianza kutetemeka damu ikiwa inaingia, kila aliye chumbani anayo tafsiri tayari. Akifa usiku huo, inaandikwa malaria kali, na mfuko unatupwa pamoja na taka nyingine. Hakuna aliyeuotesha. Kwa njia hiyo tatizo linaweza kukaa miaka bila kuonekana kwenye takwimu, kisha tukaambiana kwamba kwetu halipo.

Kinga inayoanzia kitini

Kabla ya sindano kuna maswali. Umeharisha hivi karibuni? Umeng'oa jino? Unatumia dawa za kuua bakteria? Una jipu au kidonda? Maswali haya huulizwa haraka haraka kwenye foleni ndefu ya kampeni, na mchangiaji mwenye hamu ya kusaidia hujibu "hapana" kwa yote. Aeleweshwe sababu, atakumbuka.

Kisha ngozi. Klorheksidini ya asilimia 2 iliyochanganywa na alkoholi ya asilimia 70, ikisuguliwa sekunde 30 na kuachwa ikauke yenyewe sekunde 30 nyingine, inafanya kazi nzuri sana. Kosa linaloiharibu kazi hiyo ni dogo na la kawaida: baada ya kusafisha, kidole kinarudi kupapasa mshipa. Ukishagusa, umeanza upya. Na mahali penye makovu ya sindano nyingi pasichomwe, kwa sababu ngozi yenye mikunjo na vishimo haisafishiki vizuri.

Halafu kuna kifuko kidogo, ambacho kwangu ndicho ubunifu bora kuliko wote katika habari hii. Mililita 20 hadi 40 za mwanzo, zile zinazobeba kipande cha ngozi, zinaelekezwa kwenye kifuko cha pembeni, ndipo damu iliyobaki inaruhusiwa kuingia mfuko mkubwa. Hakuna kinachopotea, maana damu hiyo ya kifukoni ndiyo inayokwenda kupimwa VVU na mengine. Hakihitaji umeme, wala mtaalamu aliyesomea miaka mingi. Kila penye uwezo wa kuchagua mifuko ya kununua, ningependa kuona yenye kifuko hiki ikichaguliwa kwanza.

Nchi zenye uwezo zimeongeza uoteshaji wa chembe sahani. Ugumu wake ni wa hesabu. Bakteria 10 ndani ya mililita 300, ukichota mililita 16 mapema, uwezekano wa kutompata hata mmoja unazidi nusu. Jibu linarudi "hakuna kitu", na ni jibu la uongo. Ndiyo maana Uingereza, ilipoanza kuotesha chembe sahani zote mwaka 2011, iliamua kusubiri angalau saa 36 baada ya kuchangia, ili kama wapo wazaliane kwanza waonekane. Sampuli huwekwa kwenye chupa mbili, moja yenye oksijeni na moja isiyo nayo, kwani wapo wanaoichukia. Matukio ya maambukizi yaliyothibitishwa yakashuka yakawa ya kuhesabika kwa vidole.

Njia nyingine ni kuwaua wote bila kuwatafuta: dawa maalumu inachanganywa na bidhaa ya damu, inamulikwa mionzi ya urujuanimno, na vimelea vinashindwa kuzaliana. Kwa chembe sahani na plazma inatumika katika nchi kadhaa. Kwa damu nzima, ambayo ndiyo yetu, kulikuwa na jaribio huko Kumasi, Ghana, lililochapishwa mwaka 2016, lililotumia vitamini aina ya riboflavini pamoja na mwanga huo. Lililenga vimelea vya malaria na lilipunguza maambukizi yake. Ni habari ya kutia moyo, ila bei bado ni ya mbali.

Saa ya ukutani

Damu ikitoka jokofuni, muda umeanza kukimbia. Kanuni inayotumika mahali pengi ni kwamba ikikaa nje zaidi ya dakika 30 bila kutumika isirudishwe kuhifadhiwa, na ikishaanza kuingia kwa mgonjwa imalizike ndani ya saa 4. Isipashwe kwa maji ya moto, isiwekwe juani dirishani, isikae kwenye friji ya wodi pamoja na chanjo na maji ya kunywa. Dawa yoyote isidungwe ndani ya mfuko. Umeme ukikatika usiku, kipimajoto cha jokofu la damu ndicho kinachojua kilichotokea, kwa hiyo mtu asome na aandike. Friji ya kawaida ya nyumbani haifai kazi hii hata ikiwa mpya.

Kabla ya kuutundika, mfuko uangaliwe kwenye mwanga. Je, umevimba? Una mapovu, mabonge, rangi ya zambarau au nyeusi? Linganisha damu ya mfukoni na ile iliyobaki kwenye kipande cha mrija kilichozibwa. Bakteria wakizaliana mfukoni hula oksijeni na damu huwa nyeusi kuliko ya mrijani. Tofauti ikionekana, mfuko urudi. Macho hayakamati kila kitu, mfuko mbaya unaweza kuwa na sura nzuri, lakini kuangalia hakugharimu chochote.

Dakika 15 za mwanzo muuguzi awe karibu: joto, mapigo, presha. Joto likipanda kwa nyuzi 2, au baridi kali ikaanza, au presha ikashuka, damu isimamishwe hapo hapo. Sindano ibaki kwenye mshipa, mrija ubadilishwe, maji ya chumvi yafuate. Jina la mgonjwa na namba ya mfuko vihakikiwe tena, maana damu isiyolingana huleta sura inayokaribia kuwa ile ile. Damu ya mgonjwa ichukuliwe kwenye mkono mwingine ikaoteshwe, dawa za kuua bakteria zianze bila kusubiri majibu, na mfuko na mrija wake virudi maabara vikiwa vimezibwa, si kwenye pipa.

Na benki ya damu ipigiwe simu usiku huo huo. Mchangiaji yule mmoja huenda alitoa bidhaa tatu. Plazma yake iko kwenye friza, chembe sahani zake pengine zimeshapandishwa gari kwenda hospitali nyingine, ambako mtu mwingine yuko kitandani anazisubiri.

Ndugu aliyekaa kando ya kitanda naye ana kazi. Haya yote yasimfanye akatae damu: mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu anayehema kwa shida akikosa damu anaweza kufa leo, na mifuko mingi haina bakteria wowote. Kazi yake ni kuangalia. Mgonjwa akianza kutetemeka, mkono wa mama huenda kwenye blanketi au kanga, amfunike apate joto. Amfunike, lakini kwanza amwite muuguzi, aseme neno moja: ameanza kutetemeka baada ya damu kuanza kuingia.